Jiwe la maembe limepasua kioo

SWALI: Dada, Noah yangu huwa naiegesha chini ya mwembe hapa Chikongola, Mtwara. Juzi watoto wakiangua maembe, jiwe likapasua kioo cha mbele. Nina bima ndogo. Nitalipwa?

JIBU: Hulipwi, kaka. Bima ndogo ni ya mtu wa tatu: inamlipa uliyemgonga wewe. Bima kubwa ndiyo ingeweza kukusaidia, ila soma kipengele cha vioo. Mara nyingi kina kikomo, na huenda ukachangia kwanza mfukoni mwako. Ukishika simu, hakiki pia namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, maana stika za bima za kughushi zipo. Na watoto usiwafukuze, msimu wa maembe ni wao. Hamisha gari.