Wasomaji Wanauliza: Ubingwa wa Liverpool wa 1947 na hesabu zake

Shikamoo mhariri. Kwenye kibanda tunachoangalia mpira hapa Mafinga kuna ubishi hauishi. Mwenzetu anasema mwaka 1947 Liverpool walitangazwa mabingwa wa ligi ya Uingereza wiki mbili baada ya kumaliza mechi zao zote. Mimi nakataa. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Mwenzenu yuko sahihi, tena mpaka kwenye hizo wiki mbili.

Liverpool walicheza mechi ya 42, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, tarehe 31 Mei 1947 ugenini kwa Wolverhampton Wanderers (Wolves), uwanja wa Molineux. Asubuhi hiyo Wolves walikuwa na pointi 56 na Liverpool 55. Ushindi wakati huo ulikuwa na pointi 2, sare 1. Kwa hiyo Wolves wangeshinda, ubingwa ungekuwa wao moja kwa moja, na hata sare ingewatoa Liverpool. Liverpool wakashinda 2-1 kwa mabao ya Jack Balmer na Albert Stubbins, wakafikisha 57. Manchester United nao walikuwa na 56.

Kilichobaki kilikuwa kiporo cha Stoke City. Stoke walikuwa na pointi 55 na mechi moja mkononi, ugenini kwa Sheffield United, tarehe 14 Juni. Sare ingewafikisha 56 tu. Ushindi wa aina yoyote ungewafikisha 57 na kuwapa ubingwa, kwa sababu uwiano wao wa mabao (ya kufunga kugawanywa kwa ya kufungwa) ulikuwa mzuri kuliko wa Liverpool. Wakafungwa 2-1. Siku hiyohiyo Liverpool walikuwa Anfield wakicheza na Everton fainali ya kombe la mji wao, na matokeo ya Sheffield yakatangazwa uwanjani kabla mechi haijaisha.

Hapo ndipo utaona faida ya utaratibu wa leo wa kuchezesha mechi zote za siku ya mwisho kwa wakati mmoja. Stoke waliingia uwanjani wakijua hasa wanachohitaji, na Liverpool walisubiri siku 14 bila uwezo wa kufanya lolote.

Huku Makete mwezi Juni na Julai sakitu inatanda hadi nyasi zinakuwa nyeupe, na vijana wanacheza. Kwa nini Waingereza walishindwa kucheza hadi ligi ikafika Juni?

Sakitu ya Makete hutanda alfajiri na jua likipanda inayeyuka. Mchana uwanja uko tayari. Majira ya baridi ya 1947 nchini Uingereza hayakuwa hivyo. Kuanzia tarehe 22 Januari hadi 17 Machi, kila siku theluji ilianguka mahali fulani nchini humo, na ardhi iliganda mchana na usiku. Udongo ulioganda unakuwa kama sakafu ya saruji: njumu hazishiki, mpira unaruka ovyo, na anayeanguka anachunika. Stubbins alifunga bao la kichwa la kujirusha kwenye uwanja wa namna hiyo, robo fainali ya Kombe la FA dhidi ya Birmingham City tarehe 1 Machi, akainuka magoti yakivuja damu.

Lakini theluji peke yake isingeisukuma ligi hadi katikati ya Juni. Mechi zilizoahirishwa kwa kawaida zingelipwa katikati ya wiki. Taa za uwanjani hazikuwa zikitumika kwenye mechi za ligi (zilianza kutumika 1956), kwa hiyo mechi ya katikati ya wiki ilipaswa kuchezwa mchana, saa za kazi. Nchi ilikuwa imetoka vitani, makaa ya mawe yalikuwa haba, umeme ulikatwa, na serikali ikazuia michezo ya katikati ya wiki ili wafanyakazi wasitoroke viwandani na migodini. Zikabaki Jumamosi tu. Ukihesabu viporo vya timu 22 kwa Jumamosi, unafika Juni.

Mimi ni katibu wa ligi ya kata hapa Mbeya, timu 8. Nimeona jedwali la 1946/47, United wa pili na Wolves wa tatu, wote pointi 56. Lakini nikitoa mabao ya kufungwa kwenye ya kufunga, Wolves wana +42 na United +41. Jedwali limekosewa? Na je, mfumo ule naweza kuutumia kwetu?

Jedwali halijakosewa, na umeona jambo ambalo wengi hulipita. Zamani zile hawakutoa, waligawanya. Mabao ya kufunga yaligawanywa kwa mabao ya kufungwa, na jibu ndilo uwiano wa mabao. Tazama timu nne za juu:

Liverpool: ushindi 25, sare 7, kufungwa 10, mabao 84 kwa 52, uwiano 1.615, pointi 57.
Manchester United: 22, 12, 8, mabao 95 kwa 54, uwiano 1.759, pointi 56.
Wolves: 25, 6, 11, mabao 98 kwa 56, uwiano 1.750, pointi 56.
Stoke: 24, 7, 11, mabao 90 kwa 53, uwiano 1.698, pointi 55.

United waliwapita Wolves kwa sehemu tisa tu za elfu. Ukikadiria hadi desimali moja, wote wanapata 1.8 na utaandika kwamba wamelingana. Hilo ndilo kosa la kwanza la makatibu: fika desimali tatu, na kama bado zinalingana, endelea hadi ya nne.

Kosa la pili ni kugeuza mgao. Anayegawanywa ni mabao ya kufunga. Ukigeuza, timu mbovu inapanda juu.

La tatu halina dawa: timu isiyofungwa hata bao moja. Huwezi kugawanya kwa sifuri. Kwenye ligi ya mechi 42 haitokei, lakini kwenye ligi yako, baada ya raundi ya kwanza au ya pili, timu mbili tatu zitakuwa na sifuri na jedwali litakukwama mezani.

Kuna la nne, nalo ni la haki ya mchezo. Uwiano unapendelea timu inayojilinda. Chukua timu ya kwanza yenye mabao 12 ya kufunga na 2 ya kufungwa: uwiano 6. Ya pili ina 30 kwa 6: uwiano 5. Ile ya kwanza inakaa juu, ingawa tofauti yake ni +10 na mwenzake ana +24. Waingereza wenyewe waliuacha mfumo huo, na kuanzia msimu wa 1976/77 wakahamia kwenye tofauti ya mabao. Nakushauri kwa dhati: usiutumie. Tofauti ya mabao inahesabika kwa haraka, na kila nahodha anaweza kuihakiki mwenyewe pembeni ya uwanja.

Kitu kimoja cha zamani kinakufaa, nacho ni ukaguzi wa jumla. Kwa pointi 2 za ushindi, kila mechi hutoa pointi 2 kamili, iwe sare au la. Timu zako 8, nyumbani na ugenini, zinacheza mechi 56, kwa hiyo jumla ya pointi zote lazima iwe 112. Ukitumia pointi 3, jumla ni mechi mara tatu, kisha utoe idadi ya sare: mechi 56 zenye sare 10 ni 168 kutoa 10, yaani 158. Mabao nayo, jumla ya ya kufunga kwa timu zote lazima ilingane na jumla ya ya kufungwa. Isipolingana, usianze kulaumu waamuzi. Kuna tokeo umeliandika upande mmoja tu. Fanya ukaguzi huu kila raundi. Ukisubiri mwisho wa ligi, utapekua karatasi zote 56.

Na kama utaulizwa, pointi 3 zilianza kule mwaka 1981. Ukizipachika kwenye msimu wa 1946/47, Liverpool wanapata 82, Wolves 81, Stoke 79, United 78. Bingwa ni yuleyule. United ndio wanaoanguka, kwa sababu ya sare zao 12. Ila usilitie uzito sana zoezi hilo. Timu inayojua sare ni nusu ya ushindi hucheza dakika za mwisho tofauti na timu inayojua sare ni theluthi.

Sisi wa Tukuyu tunakumbuka Tukuyu Stars walivyochukua ubingwa wa Tanzania 1986, wakati wengi walitazama timu za Dar es Salaam. Je, Liverpool nao walikuwa hawatarajiwi?

Ndiyo, ingawa hawakuwa wageni. Walikuwa mabingwa mara nne, mara ya mwisho 1923. Msimu kamili wa mwisho kabla ya vita, 1938/39, walimaliza wa 11.

Mambo mawili yaliwabeba. Kwanza, kocha George Kay aliwapeleka Marekani na Kanada majira ya joto ya 1946. Uingereza chakula kilikuwa bado cha mgao, na kule wachezaji walikula nyama na mayai ya kutosha. Kwenye ligi ya miezi tisa bila mchezaji wa akiba kuruhusiwa kuingia, mwili ulioshiba ni mtaji.

Pili, walirekebisha timu mapema. Tarehe 7 Septemba waliifunga Chelsea 7-4; siku nne baadaye United wakawafunga 5-0. Mwezi huohuo wakamnunua Stubbins kutoka Newcastle United kwa pauni 12,500 hivi, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Yeye na Balmer walimaliza na mabao 24 ya ligi kila mmoja, na Billy Liddell akiwalisha kutoka winga ya kushoto. Novemba, Balmer alifunga mabao 10 katika mechi tatu mfululizo: matatu kwa Portsmouth, manne kwa Derby County, matatu kwa Arsenal.

Nasikia Stoke walimuuza Stanley Matthews wakiwa wanawania ubingwa. Kweli? (Msomaji, Iringa mjini)

Kweli. Mei 1947, kwenda Blackpool, kwa pauni 11,500. Alikuwa na miaka 32 na hawakuelewana na kocha wake, Bob McGrory. Ubovu wa uamuzi huo uko kwenye tarehe: ligi ilikuwa imebakiza mechi chache, na pointi 2 zilizowapotea Sheffield ndizo zilikuwa ubingwa wao.

Liverpool walitetea taji msimu uliofuata? (Msomaji, Makambako)

Hapana. Arsenal walilichukua 1947/48. Liverpool walirudi palepale walipokuwa kabla ya vita, nafasi ya 11, na mwaka 1954 wakashuka daraja.