Ua la Usambara na Jina Lake Jipya

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuza miche ya maua hapa Tanga mjini. Kibao cha lile ua dogo la zambarau la Usambara nimekiandika Saintpaulia ionantha, kama nilivyofundishwa. Sasa mwanafunzi mmoja ameniambia kuwa jina hilo limefutwa, na kwamba ua hilo huitwa Streptocarpus ionanthus. Ikiwa majina ya kisayansi yaliwekwa ili dunia nzima ielewane, kwa nini yabadilishwe?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Mwanafunzi huyo amesema kweli, ingawa «limefutwa» ni neno kali mno. Jina la kisayansi lina kazi mbili: kumtambulisha kiumbe na kuonyesha nasaba yake. Katika utaratibu ambao Carl Linnaeus wa Sweden aliutumia kwa mimea katika kitabu chake cha mwaka 1753, hutangulia jina la jenasi, yaani kundi la spishi zenye asili moja ya karibu, kisha hufuata jina la spishi yenyewe. Juu ya jenasi kuna familia, oda, ngeli na kuendelea hadi himaya, lakini ngazi hizo haziandikwi katika jina, kwa hiyo hazikuhusu wewe mwenye kibao.

Kwa mfano, silikanti, samaki ambaye wavuvi wa Tanga humnasa mara kwa mara katika nyavu za kina kirefu, aliitwa Latimeria chalumnae mwaka 1939; wa Indonesia alipoainishwa mwaka 1999, aliitwa Latimeria menadoensis, na yeyote asomaye majina hayo hutambua papo hapo kuwa ni spishi mbili za jenasi moja.

Ua lako lina historia ndefu zaidi. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo hili, ndiye aliyelifikisha Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa Hannover, akaliundia jenasi mpya kwa jina la familia ya ofisa huyo, kwa kuwa aliona umbo lake linatofautiana na jenasi zilizokuwa zikijulikana. Hakuwa na kipimo kingine zaidi ya macho. Uchunguzi wa DNA ulionyesha baadaye kuwa mimea hiyo imechipuka ndani kabisa ya ukoo wa Streptocarpus, jenasi iliyopewa jina mapema zaidi, katika karne hiyohiyo ya 19. Na kwa kuwa kanuni hulipa haki jina lililotangulia, uainishaji wa mwaka 2015 uliziunganisha jenasi hizo chini ya jina la Streptocarpus. Jina la spishi lilibaki, ila mwisho wake uligeuzwa ili upatane na jenasi mpya kwa sarufi ya Kilatini, kama nasi tusemavyo mti mzuri lakini ua zuri.

Wauza maua wa nchi nyingi wangali wakisema Saintpaulia, na kwa maoni yangu hawana kosa, maana wateja wao ndivyo wanavyoliulizia. Andika kibaoni Streptocarpus ionanthus, herufi kubwa ikiwa ya kwanza tu, na maneno yote mawili yakiwa ya mlazo, au yakipigiwa mstari chini iwapo unaandika kwa mkono; kisha weka Saintpaulia kwenye mabano.