Mbwembwe au mdundo uliotulia?

Ndugu, nimekuelewa: umejifunza kupiga dramu kwa kasi na mbwembwe nyingi, lakini wenzako wa bendi wanalalamika kuwa muziki hautulii, na sasa unajiuliza kama mazoezi yote yalikuwa ya bure. Hayakuwa ya bure hata kidogo. Ila kupiga kitu rahisi bila kuyumba ni kazi ngumu kuliko unavyodhani, nayo ina mazoezi yake.

Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika. Katika kila baa (fungu la mapigo manne), dramu ya mguu kwenye pigo la 1 na la 3, sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) kwenye 2 na 4, dakika kumi, bila pambo hata moja. Jirekodi. Ukisikiliza, angalia hasa kila mwisho wa baa ya nne: hapo ndipo mkono huwashwa kutaka kujaza mapambo, na mwendo hukimbia. Ukitulia, hesabu mlio wa metronomu kuwa ndio 2 na 4. Zile 1 na 3 uzibebe mwenyewe.

Mtazame pia Charlie Watts, aliyekuwa mpiga dramu wa bendi ya Rolling Stones. Mara nyingi aliacha kugusa hai-hati (matoazi mawili ya kukanyagwa) kila alipopiga sneya, na sneya ikapata nafasi ya kusikika.

Kwenye bendi, mfuate mpiga besi. Mapambo yako yaweke mwimbaji anapovuta pumzi, kamwe si juu ya maneno yake.

Viganja vikiuma au vidole vikifa ganzi, pumzisha mikono. Hali ikiendelea, muone daktari. Na vaa vizibo vya masikio kuanzia leo, maana usikivu ukipotea kwa kelele haurudi.