Moto wa Luton haukuanzia kwenye gari la umeme

Wapo wanaodai moto wa Luton ulianzia kwenye gari la umeme. Hapana, gari lenyewe lilikuwa la dizeli. Zimamoto wa Bedfordshire walisema hivyo mapema tu baada ya ule moto wa Oktoba 2023 kwenye maegesho ya uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, na uchunguzi wao ukabaki hapohapo. Magari zaidi ya elfu moja yaliteketea na sehemu ya jengo ikaporomoka. Jengo lenyewe halikuwa na mfumo wa kunyunyiza maji darini, jambo ambalo wapiga kelele wanaolaumu betri za magari ya umeme hawaligusi kabisa.

Ila msiseme basi gari la umeme haliungui. Likishika moto ni kazi: seli moja ya betri ikipata joto kupita kiasi huichemsha ya jirani, na moto uliozimwa unaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, hata siku. Mtungi wa poda wa kuzimia moto hauwezi kupoza betri iliyofungwa chini ya gari. Yanahitajika maji mengi, kwa muda mrefu. Ndiyo maana gari la umeme lililogongwa vibaya huwekwa peke yake mahali pa wazi, mbali na magari mengine na majengo.