Maswali ya wasomaji: Bondi za kemikali na tabia za vitu

SWALI: Tunafundishwa kwamba bondi ya kovalenti ni imara sana, kisha tunaambiwa vitu vyenye bondi hizo huyeyuka kwenye joto la chini. Yote mawili yanawezaje kuwa kweli? (Mwanafunzi wa sekondari)

JIBU: Ni kweli yote mawili, ila kila moja linahusu nguvu yake. Bondi ya kovalenti, yaani ile ya atomu kuchangia elektroni, hushikilia atomu ndani ya molekuli. Molekuli moja na jirani yake hushikana kwa nguvu nyingine kabisa, dhaifu mno, na unapoyeyusha au kuchemsha kitu cha namna hii, hiyo dhaifu ndiyo inayoachia. Chukua maji. Kuvunja bondi za O–H huhitaji takriban kilojuli 463 kwa moli (kipimo cha idadi ya chembe), lakini bondi ya haidrojeni inayounganisha molekuli mbili za maji ni kama kilojuli 20 tu kwa moli. Ndiyo maana mvuke unaotoka kwenye maji yanayochemka kwa 100 °C bado ni H₂O ileile. Ili joto peke yake lianze kuipasua kwa kiasi cha maana, linapaswa kupita 2000 °C.

Sasa linganisha oksidi mbili za kundi moja la jedwali la elementi. Kaboni dioksidi na silikoni dioksidi zote ni za kovalenti, na hata fomula zake zinafanana: CO₂ na SiO₂. Ya kwanza, ikiwa imegandishwa, hugeuka gesi moja kwa moja kwenye −78 °C. Ya pili, ambayo ni kwatzi, huyeyuka karibu na 1700 °C. Tofauti ni mpangilio. CO₂ ni molekuli ndogo zilizojitenga. Katika SiO₂ hakuna molekuli: kila silikoni imeshikwa na oksijeni 4, kila oksijeni na silikoni 2, na mtandao huo unaendelea hadi ukingoni mwa punje. Hapo hakuna njia ya kuyeyusha bila kuvunja bondi za kovalenti zenyewe. Almasi iko hivyo pia. Kwa hiyo usiishie kuuliza kitu kina bondi gani; uliza ni nguvu ipi inayolazimika kuachia.

SWALI: Tulijaribu kuonyesha kwamba maji ya chumvi hupitisha umeme na maji ya sukari hayapitishi. Taa iliwaka kwenye yote mawili. Tulikosea wapi? (Mwalimu wa sayansi)

JIBU: Karibu kila mara kosa huwa ni maji au usafi wa vifaa. Maji ya bomba yana ioni (atomu zenye chaji ya umeme) za kalsiamu, sodiamu na nyinginezo, zinazotosha kuwasha taa ya LED kwa mwanga hafifu. Tumia maji yaliyokenekwa, na fuata mpangilio huu.

Unganisha kwa mfululizo betri ya volti 9, rezista ya omu 330, taa ya LED (mguu mrefu uelekee upande chanya) na vijiti viwili vya grafiti vilivyotolewa ndani ya penseli. Acha nafasi ya sentimita 1 kati ya vijiti, na uvifunge kwenye kipande cha plastiki visije vikagusana. Vikigusana taa itawaka hata hewani. Rezista usiiache, la sivyo LED itaungua. Pima kwanza chumvi kavu, kisha mililita 100 za maji matupu, halafu maji hayo yakiwa na gramu 5 za sukari. Mwisho kabisa, chukua mililita 100 nyingine na uweke gramu 5 za chumvi. Ukianza na chumvi, mabaki kwenye vijiti au kijiko yataharibu kipimo cha sukari, kwa hiyo suuza vyote kwa maji yaliyokenekwa kila unapobadili.

Chumvi kavu nayo ikiwasha taa, ujue ina unyevu. Ikaushe kwenye oveni kwa 110 °C kwa saa moja. Maji ya chumvi yapitishie umeme kwa sekunde chache tu na dirisha likiwa wazi, kwa sababu kijiti chanya hutoa klorini, gesi yenye sumu. Umeme wa ukutani usitumike kabisa.

Katika chumvi kavu ioni zipo, lakini kila moja imefungiwa mahali pake. Maji huzitenganisha, nazo zikaweza kusogea. Sukari huingia majini ikiwa molekuli nzima zisizo na chaji, kwa hiyo hakuna cha kubeba umeme.

SWALI: Kwa nini metali hukunjika, na fuwele ya chumvi hupasuka ukiigonga?

JIBU: Katika fuwele ya chumvi, pigo likisogeza safu moja ya ioni, chanya hukabiliana na chanya na hasi na hasi, zikasukumana na fuwele ikapasuka. Katika metali, elektroni za nje ni za atomu zote kwa pamoja; safu ikisogea, elektroni husogea nayo na mshikamano unabaki. Elektroni hizohizo ndizo zinazopitisha umeme.

SWALI: Alumini ni metali na klorini si metali. Mbona alumini kloridi haifanani na chumvi?

JIBU: Kanuni ya “metali na isiyo metali ni ioni” ni ya kuanzia tu. Ioni ya Al³⁺ ni ndogo na ina chaji kubwa, hivyo huvuta wingu la elektroni la kloridi hadi zikaanza kuchangiwa. Ikipashwa joto, alumini kloridi hugeuka gesi karibu na 180 °C ikiwa molekuli za Al₂Cl₆. Chumvi ya kawaida huyeyuka kwa 801 °C. Floridi ni ndogo na wingu lake halivutiki kirahisi, kwa hiyo alumini floridi hustahimili hadi zaidi ya 1200 °C.

Wengine hutumia kipimo cha Pauling, kinachoonyesha atomu ya kila elementi huvuta elektroni za bondi kwa nguvu kiasi gani, na huchukua tofauti ya 1.7 kati ya atomu mbili kama mpaka wa ioni na kovalenti. Haidrojeni floridi inaukataa mpaka huo: tofauti yake ni karibu 1.8, lakini ni molekuli za kovalenti na huchemka kwa takriban 20 °C. Msiguse alumini kloridi kavu kwa mikono yenye unyevu wala kuimwagia maji: humenyuka kwa nguvu na kutoa moshi wa haidrojeni kloridi unaochoma macho na mapafu.