Azimio la Arusha halikufuta mali binafsi

Unasema mwenye shamba na pikipiki yake hawezi kuwa mjamaa. Hapana mkuu, kumiliki vitu hivyo hakukutoi kwenye ujamaa, angalau si ujamaa wa Nyerere. Azimio la Arusha la 1967, tamko la siasa ya ujamaa Tanzania, lilidai njia kuu za uchumi ndizo ziwe mikononi mwa umma; mabenki yakataifishwa mwezi uleule wa Februari, na serikali ikachukua hisa nyingi kwenye baadhi ya viwanda vikubwa. Jembe lako halikuguswa. Wengi wanachanganya na masharti ya uongozi, yaliyo sehemu ya tano ya Azimio, isome, Kiswahili chake chepesi tu: kiongozi wa TANU (chama tawala cha wakati huo) au serikali asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hayo yalimbana kiongozi, si kila raia. Ila mwenye nyumba za kupangisha asijipe moyo sana: 1971 ilipita sheria nyingine, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa. Kama hilo linakukera, basi wewe na Mwalimu mnaachana hapo, si kwenye shamba.