Shabaha shambani, jirani ng'ambo ya uzio

Tangu nitaje hapa kwamba nina sehemu ya kulenga shabaha nyuma ya nyumba yangu, mashariki mwa Texas, maswali hayajakatika. Wengi wenu mmetoka mijini, mkadunduliza, mkanunua ekari zenu chache kijijini. Na wengi hamkuwahi kugusa bunduki nyumbani Afrika, kwa sababu nyumbani bunduki ni ya askari au mlinzi wa benki. Huku muuza mbegu anayo, na bibi anayefundisha watoto kanisani anayo pia. Leo najibu yale yanayojirudia.

Shikamoo mzee. Nimenunua ekari 8 nje ya Tyler, sehemu iliyokatwa viwanja. Dalali aliniambia Texas mtu anapiga risasi kwake atakavyo. Ni kweli?

Marahaba, kijana wangu. Dalali kakupa nusu ya habari. Sheria ya Texas inairuhusu kaunti kupiga marufuku ufyatuaji wa risasi kwenye viwanja vya ekari 10 au pungufu, vilivyopimwa na kugawanywa nje ya mipaka ya miji. Ekari zako 8 zimeangukia hapo hapo. Kabla hujanunua hata boksi moja la risasi, piga simu ofisi ya kaunti uulize kama imewahi kutoa amri hiyo. Halafu isome hati yako ya ardhi mpaka mwisho, maana viwanja vya namna hii mara nyingi huuzwa na masharti yake, na hukosi kukuta moja linalohusu bunduki. Tena kufyatua ukiwa kwenye barabara ya umma, au kuivusha risasi juu yake, ni kosa la jinai.

Mlioko majimbo mengine msilichukue jibu hili kama lenu. Massachusetts inadai futi 500 kutoka nyumba inayotumika, isipokuwa mwenyewe akuruhusu, na futi 150 kutoka barabara kuu. Kila jimbo lina vipimo vyake.

Nyuma ya shamba letu kuna msitu wa misonobari, mnene kweli. Si unatosha kuzuia risasi? Mume wangu anatumia .22 tu, ile bunduki ndogo.

Dada yangu, hilo neno "tu" ndilo limenifanya nikujibu kwa urefu.

Risasi ya .22 inaweza kwenda maili moja na nusu, karibu kilomita 2.4. Onyo hilo limechapwa kwenye maboksi mengi, lakini watu hufungua boksi bila kulisoma. Bunduki ya kulungu kama .30-06 hupeleka risasi yake zaidi ya maili tatu. Sasa jiulize nyuma ya ule msitu kuna nini. Kuna nyumba? Kuna barabara ya basi la shule? Ikifika Novemba, kuna mwindaji aliyekaa kimya juu ya mti, ambaye wewe humwoni naye hajui kama upo. Miti ina mapengo, na risasi ikikwaruza shina inageuka na kushika njia nyingine. Msitu si kizuizi.

Kizuizi ni udongo. Tuta langu nililijenga kwa malori ya udongo. Kimo chake ni futi 10, na limezidi upana wa shabaha pande zote mbili. Uso wake tuliuokota mawe mimi na wanangu kwa wiki mbili, kwa sababu risasi ikigonga jiwe huwezi kujua itaelekea wapi. Tukamalizia kwa kuotesha nyasi ili mvua isilishushe. Ukiwa na kilima cha asili, umepunguziwa kazi, lakini na chenyewe kikague mawe.

Kuna kosa nimeliona kwa watu watatu mpaka sasa, nao wote wana matuta mazuri. Shabaha wameisimamisha yadi 20 au 30 mbele ya tuta. Mtu mzima akipiga amesimama, mambo ni sawa. Mtoto au mgeni akipiga ameketi, mdomo wa bunduki unatazama juu kidogo. Risasi inatoboa karatasi, inaendelea kupanda, na ikifika kwenye tuta inaliruka. Isogeze shabaha mpaka igusane na tuta, na uiweke chini. Kisha keti pale pale mpigaji atakapoketi, tazama mstari kutoka jichoni kwako kupita katikati ya shabaha. Mstari huo lazima uishie kwenye udongo. Ukiishia angani, acha.

Bwawa nalo lisiwe mbele yako. Mmewahi kurusha kijiwe bapa majini kikaruka-ruka mpaka ng'ambo. Risasi hufanya vivyo hivyo. Shabaha ya chuma iwe ya chuma kigumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kiinamishwe mbele ili vipande virukie chini. Bastola isipigwe karibu zaidi ya yadi 10, bunduki ndefu yadi 100, na kila aliyepo avae miwani ya kukinga macho. Chuma kikishaingia vishimo, kitupe.

Mzee, jirani amenijia mara mbili kulalamika kwamba farasi wake wanashtuka. Nimekagua sheria, niko ndani ya haki yangu. Lazima nimsikilize?

Kwa sheria, pengine hapana. Nikueleze yaliyonipata mimi.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilianza kupiga Jumamosi moja kumekucha, na sikuwa nimemwambia mtu. Ng'ambo ya uzio anakaa mama mmoja mzee, mjane. Farasi wake mchanga alikurupuka, akaingia kwenye senyenge, akachanika kifua. Nilikwenda kwake na pesa za daktari wa mifugo. Alizikataa. Aliniomba kitu kimoja: ujumbe wa simu nusu saa kabla sijaanza, apate kuwaingiza farasi bandani. Ujumbe mmoja! Ningemuuliza siku niliyohamia, yule mnyama asingekuwa na kovu analolibeba mpaka leo. Ndiyo maana nakwambia mtu aliyekujia mara mbili kwa maneno amekutendea wema. Nenda kwake kabla hajaja mara ya tatu.

Na ukienda, jua namna ya kwenda. Kwetu hodi inapigwa mlangoni. Huku, ukikuta miti au nguzo zimepakwa mistari ya rangi ya zambarau, hapo Texas ni sawa na kibao cha "usiingie". Piga simu kwanza, au msubiri kwenye sanduku la barua barabarani. Mpe namba yako, muulize saa zipi zinamsumbua, kisha zishike. Mimi sipigi kabla ya saa nne asubuhi, sipigi zaidi ya dakika tisini, Jumapili sigusi bunduki, na kukiwa na msiba jirani bunduki inalala wiki nzima. Msimu wa kulungu, kwetu kwenye kanda ya uwindaji ya kaskazini, unaanza Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Jirani yako huenda amelipa fedha nyingi kukodi haki ya kuwinda kwenye ardhi ya mtu, na kulungu hutembea alfajiri na magharibi. Ukipiga saa hizo umemvurugia msimu.

Kuhusu mlio wenyewe: .22 hufikia takriban desibeli 140, na bunduki kubwa hupita 160. Hiyo 140 ndiyo kiwango ambacho mlipuko mmoja unaweza kuharibu masikio, kwa hiyo hata nyinyi vaeni vizibo. Kiziba sauti cha mdomo wa bunduki hupunguza desibeli 20 hadi 35. Mlio unabaki, ila farasi na watoto wanaona tofauti kubwa. Majimbo mengi yanakiruhusu, machache yanakataza. Ni lazima kisajiliwe kwa serikali kuu chini ya sheria ya mwaka 1934. Kodi yake ya dola 200 ilishushwa hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026, lakini usajili uko palepale. Ukitumia pia risasi zenye mwendo wa chini ya sauti, yaani chini ya mita 340 kwa sekunde, ule mpasuko wa hewani nao unaondoka. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kuipa nyumba ya jirani mgongo: panga mahali pa kupigia ili mdomo wa bunduki usielekee kwake, na uweke marobota ya nyasi kavu pande zote mbili za mpigaji.

Jambo baba. Sisi ni Wakongomani, tuna mwaka mmoja tu hapa. Jirani anapiga bunduki uani kwake usiku, wakati mwingine saa sita. Mtoto wetu ana miezi minne, halali. Bwana yangu anataka kwenda kumwomba aache. Aende?

Asiende usiku. Naomba umsomee jibu hili leo hii.

Aprili 2023, karibu na mji wa Cleveland hapa Texas, familia ya watu kutoka Honduras ilimwomba jirani aache kupiga bunduki usiku kwa sababu mtoto mchanga alikuwa anajaribu kulala. Walimwomba kwa adabu. Jirani aliwafuata ndani ya nyumba akaua watu watano, mmoja wao mtoto wa miaka tisa. Baba wa familia alisimulia kwamba walikuwa wamewapigia polisi simu mara kadhaa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Vijijini gari la sherifu, yaani polisi wa kaunti, linaweza kuchukua muda mrefu kufika, na kwa sababu hiyo hiyo mtu asijitokeze gizani mbele ya mwenye silaha.

Risasi zikianza, hamishieni watoto chumba cha upande wa mbali, walale chini, taa zizimwe. Piga 911. Taja anwani kwanza, kisha sema kama risasi zinaelekea kwenu. Kiingereza kikikatika, sema neno "Swahili" na usubiri. Vituo vingi vina wakalimani kwa simu. Kwa sheria ya Texas, kufyatua kuelekea nyumba bila kujali kama kuna mtu ndani ni kosa kubwa la jinai, wala halipunguzwi na kwamba mpigaji yuko kwake. Ukikuta tundu ukutani usilizibe wala kuchokoa risasi. Piga picha, ungoje ofisa.

Andika kila usiku tarehe na saa kwenye daftari. Nenda na daftari hilo ofisi ya sherifu mchana, uombe ofisa azungumze naye. Kama yupo mtu wa siku nyingi hapo mtaani anayeheshimiwa, mchungaji au mzee jirani, mwombeni awe mshenga wenu. Mkija kukutana naye, iwe mchana, hadharani, naye akiwa hana kilevi.

Shemeji yangu anakuja kutoka Mwanza kwa viza ya utalii na ana hamu ya kujaribu bunduki shambani kwangu. Kuna shida?

Ipo, na ni kubwa. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu mwenye viza ya muda kushika silaha au hata risasi moja, isipokuwa kwa vighairi vichache. Kinachomfaa mgeni kama yeye ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa Marekani. Wewe unayempa bunduki nawe unakuwa na kosa. Akitaka kweli, akate leseni kwanza, na atembee nayo. Wewe mwenye kadi ya kijani unaruhusiwa, lakini kumbuka hukumu ya kosa la silaha inaweza kukurudisha ulikotoka. Asiye na kibali cha kuwa nchini asiiguse kabisa. Mtumia bangi naye yumo kwenye katazo la serikali kuu, hata kama jimbo lake linaihalalisha.

Vijana wangu wanataka ile shabaha inayolipuka, unga unaochanganywa. Unasemaje?

Nasema hapana. Mwaka 2017 huko Arizona shabaha moja ya namna hiyo, kwenye sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto, iliwasha moto ulioteketeza takriban ekari 47,000. Mwaka 2021 Kingston, New Hampshire, walilipua ratili 80 za unga huo, majirani wakasikia nyumba zao zikitikisika. Kwa nyasi kavu za Agosti hapa kwetu, shabaha hiyo siileti shambani kwangu.

Bustani yangu ya mchicha na sukuma wiki iko chini kidogo ya tuta la shabaha, na kuku wangu wanachakura hapo hapo. Kuna ubaya?

Lugha yetu imekujibu kabla yangu: risasi ya bunduki na madini ya risasi ni neno moja. Risasi nyingi zimetengenezwa kwa madini hayo, na tuta lililopigwa miaka michache ni ghala la sumu. Kuku humeza changarawe za kusagia chakula, wala hawezi kutofautisha changarawe na kipande cha risasi. Mvua inashusha vumbi lake kwenye mboga, na mboga za majani zinakaa karibu na udongo. Kwa mtoto hakuna kiwango cha madini haya kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo unaokua.

Hamisha bustani iwe upande wa juu wa mteremko, mbali. Weka wavu kuku wasifike. Rushia chokaa ya shamba kwenye uso wa tuta, maana udongo wenye asidi huyayusha madini haya upesi zaidi, na uchimbe mfereji maji yasielekee kwenye kijito cha jirani au kisima chake. Viatu vya shabaha vibaki nje ya mlango, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na nguo zifuliwe peke yake. Kama watoto wamekuwa wakicheza pale, mwombe daktari awapime damu wiki hii. Mayai ya kuku hao usile wala usimpelekee jirani mpaka umeyapimisha.